Jicho la baba lilianza kwa kapi la mpunga. Tujuzane dharura za macho kabla hazijatukuta

Mleta uzi, Uyole

Wakuu, kamwene. Kwa wa Rungwe na Kyela, ndaga. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Baba yangu anaona kwa jicho moja. La kulia lina kovu jeupe katikati, ukimtazama kwa mbali utadhani kipande cha ganda la yai kimebandikwa pale. Hakuzaliwa nalo na wala si uzee. Ni kapi la mpunga, siku tisa za sisi kusubiri, na kichupa kimoja cha matone nilichokinunua mimi.

Ilikuwa msimu wa mavuno, Kyela. Tunapiga mpunga juu ya turubai, upepo wa mchana unatoka ziwani, kapi likamwingia. Akafikicha, akanawa, akaendelea na kazi. Jioni jicho jekundu, machozi yanamtoka. Jirani aliyekuwa ananyonyesha akaombwa maziwa, akamdondoshea matone mawili. Asubuhi nikaenda duka la dawa nikasema, "Naomba dawa ya macho mekundu." Nikapewa kichupa, nikalipa, nikaondoka.

Kile kichupa kilifanya kazi, wakuu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Siku ya pili wekundu ukapungua, maumivu yakapoa, mzee akarudi shambani na sisi tukafurahi. Siku ya sita akaanza kusema taa ina ukungu. Siku ya nane nikaona kidoa cheupe, kama chembe ya unga, juu ya ile sehemu nyeusi. Siku ya tisa ndipo tukapanda gari kuja Mbeya mjini.

Daktari wa macho aliomba aione ile dawa. Akakigeuza kichupa, akasoma, akakaa kimya, kisha akaniuliza nani aliiandika. Ndani yake kulikuwa na steroidi. Akanieleza bila kunigombeza. Kapi lilikwaruza konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho ambacho unene wake pale katikati ni kama nusu milimita tu. Kitu chochote cha mmea, liwe kapi, jani la mahindi au kijiti cha uzio, kinaweza kuingia na fangasi. Steroidi inapunguza wekundu na uvimbe, lakini wekundu na uvimbe ndio mwili unavyopigana. Ni kama kumfunga mbwa mdomo wakati mwizi yuko ndani. Zile siku tulizokuwa tunafurahi ndizo fangasi walizokuwa wanalila jicho.

Halafu akamwambia baba, "Mzee, ziba la kushoto. Unaona nini?" Baba akaziba, akanyamaza. Hakuona hata vidole. Na nyumbani kila asubuhi tulimuuliza unaonaje, akajibu naona vizuri. Hakuwa anatudanganya, alikuwa anaona kwa lile zima.

Alilazwa. Matone yalikuwa kila saa, mchana na usiku, na mimi ndiye niliyekuwa naamka. Kidonda kilipona, kovu likabaki mbele ya mboni kabisa. Daktari alisema tungefika siku ya kwanza au ya pili, huenda tungekuwa tunazungumza mambo mengine.

Kwa hiyo msomaji, kama utaishia hapa, ondoka na hilo la kiganja. Mtu akiumia jicho au likiwa jekundu, lizibe lile zima kwa kiganja bila kulikandamiza, mwambie asome kalenda ukutani. Asiyesoma mwoneshe vidole. Kama haoni kama alivyokuwa anaona juzi, safari ni leo.

Mwanzoni mwa 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa macho mekundu, ule wa virusi, na wengi yaliisha yenyewe. Naona ulituachia mazoea mabaya. Sasa hivi jicho likiwa jekundu jibu ni moja tu, litapoa. Yale ya mlipuko kwa kawaida yanashika jicho moja kisha la pili, yanawasha, yanatoa tongotongo, na ukishafuta unaona kama kawaida. Jicho moja peke yake, lenye maumivu makali, lisilotaka mwanga, linaloona ukungu hata baada ya kufuta, hilo ni jambo lingine kabisa. Na mtu anayevaa lenzi za kuvaa ndani ya jicho, akiona wekundu na maumivu azivue na aende siku hiyo hiyo.

Sasa nieleze na la kheri. Mwaka jana hapa Uyole tulikuwa tunapaka nyumba chokaa. Kijana anayekoroga akainamia ndoo, likapasuka povu, likamrukia macho yote mawili. Alipiga kelele ambayo sijaisahau. Watu wakaanza kuita bodaboda wampeleke hospitali. Nikasema hapana, maji kwanza, hapa hapa. Tukamlaza chali kwenye benchi, mmoja akamshika kichwa, mimi nikamfungua kope kwa vidole viwili maana mwenyewe hawezi, zimejikaza kama ngumi. Mwingine akamimina kwa kikombe kutoka kwenye dumu, taratibu, bila kuacha, kuanzia puani kuelekea sikioni. Tulimaliza madumu mawili ya lita 20 na nusu ya la tatu. Niliangalia saa, ilikuwa kama nusu saa. Nilipoinua kope la juu na kulipindua nikakuta kipande cha chokaa, kidogo kama mbegu ya mchicha, kimejishikiza ndani. Nikakitoa kwa ncha ya kitambaa safi kilicholowa, tukaendelea kumimina. Hospitali tulikwenda baada ya hapo, na leo yule kijana anaendesha pikipiki.

Angepakiwa kwenye bodaboda kwanza, chokaa ingekuwa inakula njia nzima. Chokaa, saruji mbichi, jiki, ile kostiki ya kutengenezea sabuni, vyote ni alkali. Waliowahi kupika sabuni wanajua kostiki inavyokula mafuta, na kwenye jicho inafanya vile vile: inageuza mafuta ya tishu kuwa sabuni, inajifungulia njia, inazidi kuzama. Asidi kama maji ya betri nayo ni hatari, ila mara nyingi inagandisha pale juu na lile ganda linaipunguzia kuzama. Kwa zote dawa ni maji, mengi, muda mrefu, mara moja. Maji ya bomba, ya kisima, ya mvua, yoyote yaliyo safi na karibu. Msijaribu kuweka limau au siki ili "kuua" chokaa. Mtamuunguza mara ya pili.

Nimalizie kwa uzio wetu wa minyaa, maana watoto wanauvunja kila siku. Ule utomvu mweupe ukiingia jichoni unawaka na kuleta uvimbe ndani, na mtu anaweza asione vizuri kwa siku kadhaa. Ni maji yale yale, muda ule ule, kisha hospitali.

Karibuni mchangie. Wenye taaluma mnisahihishe.

Mdau, Mafinga

Pole kwa mzee, mkuu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, miaka 14 sasa, na huku viwanda vya mbao vimejaa, kila siku kuna mtu na jicho. Kuna mambo mawili nataka niyatenganishe kwa mafundi wenzangu.

Kuna ule moto wa kuchomelea. Umechomelea mchana bila kioo, usiku saa tano sita unaamka unahisi macho yamejaa mchanga, machozi, hutaki taa. Ule ni mwanga umebabua konea. Unauma kuliko kidonda lakini mara nyingi siku moja au mbili unaisha. Kitambaa cha maji baridi, giza, kidonge cha maumivu, ukapimwe. Hapa kwetu watu wanaweka viazi mbichi vilivyokatwa. Mimi nimeacha, kile kiazi kimetoka ardhini.

La pili ni grenda na nyundo. Hili ndilo baya kwa sababu linaweza lisiume. Mwenzangu alikuwa anapiga patasi kwa nyundo, akasikia kitu kama kofi dogo kwenye jicho. Akajikagua kwenye kioo cha pikipiki, haoni kitu, akaendelea. Baada ya siku tatu jicho likajaa usaha ndani. Kilikuwa kipande cha chuma, kiliingia chote, na pale kilipopita palijifunga. Chuma kikipigwa kwa chuma kinatoa vipande vyenye kasi ya ajabu. Ukisikia lile kofi nenda ukapigwe picha, hata kama unaona.

Swali langu kwa mleta uzi: hapo nako tuoshe?

Mleta uzi, Uyole

Asante sana fundi, hujui umemwokoa nani. Hapana, hapo usioshe.

Hili nililisikia kliniki na nimelishika. Sumu na vumbi unaosha. Jicho lililotobolewa au kukatwa hulioshi, huligusi, hulitii dawa, hulifungi kwa nguvu. Na kama kitu kimechomeka, msumari, kijiti, waya wa baiskeli, hukichomoi. Jicho limejaa maji na vitu laini kama uji mzito. Ukichomoa au ukikandamiza, vinatoka. Kata kitako cha kikombe cha karatasi au cha chupa ya plastiki, kiegeshe juu ya mfupa wa paji na wa shavu ili kisiguse jicho lenyewe, kibandike kwa plasta, mkalishe mgonjwa wima kwenye gari. Asile wala asinywe njiani kwa sababu huenda atawekwa usingizi ashonwe. Muulize pia sindano ya pepopunda alichomwa lini.

Dalili za jicho lililotoboka: mboni haiko duara tena, imevutika upande mmoja kama tone la maji au mbegu ya tikiti, au kuna kitu cheusi kimejitokeza kwenye weupe. Ukiona hivyo usifungue kope kulichungulia zaidi. Umeshajua vya kutosha.

Na msimdharau mtu anayesema "limebaki moja linatosha". Jicho lililotobolewa linaweza kuufanya mwili uligeukie hata lile zima, wiki au miezi baadaye. Louis Braille, yule Mfaransa aliyebuni maandishi ya nukta ya wasioona, alijichoma jicho moja tu kwa msumari wa kutobolea ngozi kwenye karakana ya baba yake, akiwa na miaka mitatu. Alipofikisha mitano alikuwa haoni macho yote mawili.

Mdau, Mbozi

Nakubaliana na mengi ila mnawaonea wazee. Bibi yangu ametibu macho ya kijiji kizima kwa maziwa ya mama na majani, na watu walipona. Hospitali iko mbali na nauli unaijua.

Mleta uzi, Uyole

Mkuu, nakuheshimu, na bibi naye namheshimu. Hata kwetu tulianza na maziwa.

Ninachokiona ni hiki. Mkwaruzo mdogo wa konea ukiwa safi unajifunga wenyewe ndani ya siku moja hadi tatu, uweke maziwa au usiweke. Hao ndio waliopona kwa bibi, na wangepona hata angewaombea tu. Wale ambao mkwaruzo wao uliingia wadudu, maziwa yanawalisha wale wadudu na majani yanawaongezea wengine. Hao hawarudi kwa bibi kumwambia, wanakaa ndani. Kuna utafiti wa hapa hapa Tanzania uliochapishwa 1994 kuhusu wagonjwa wa vidonda vya konea, na takriban robo yao walikuwa wametumia dawa za kienyeji.

Kwenye umbali uko sahihi, na ndiyo maana napenda kuutaja mfano wa Bhaktapur, Nepali, nao wakulima wa mpunga kama sisi. Pale wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kuwatambua watu waliokwaruzwa konea na kuwapaka mafuta ya jicho ya kloramfenikoli mara 3 kwa siku, kwa siku 3. Matokeo yalichapishwa 2001: walioanza ndani ya saa 18 hakuna hata mmoja aliyepata kidonda. Hata mmoja, mkuu! Dawa ni ya bei ndogo, na aliyeipaka si daktari bingwa. Zahanati ya kijijini inatosha kwa hatua ya kwanza, mradi ufike siku hiyo hiyo, useme "nimekwaruzwa na kapi", na usikubali tone lenye steroidi kabla daktari wa macho hajalitazama jicho kwa mashine yake.

Nikimkumbuka baba na saa 18, zahanati ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa baiskeli.

Mdau, Ilula

Huku ni nyanya. Vijana wanapulizia dawa bila miwani, upepo ukigeuka wanajifuta na shati lililoloa dawa. Mdogo wangu ilimwingia, akaosha vizuri kama ulivyosema, lakini baada ya saa moja akaanza jasho, mate mengi, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano.

Nesi mstaafu, Iringa

Huyo mdogo wako alikuwa na sumu mwilini, siyo jichoni pekee. Dawa za wadudu zinapita kwenye ngozi. Jasho, mate, kutapika, mboni ndogo, kupumua kwa shida: unamvua nguo zote, unamwosha mwili mzima kwa sabuni, anakimbizwa hospitali na chupa ya dawa au karatasi yake mkononi ili wajue ni sumu gani. Natumaini alifika.

Wanangu, nimefanya kliniki ya macho miaka mingi, nimeusoma uzi huu wote na nimeshukuru. Naomba niongeze yale yasiyotokana na ajali, maana hayo watu hawayaogopi.

La kwanza ni mtoto mchanga. Siku ya pili hadi ya tano baada ya kuzaliwa, kope zimevimba, ukizifungua usaha wa njano unatiririka. Mama anaambiwa ni uchafu wa kuzaliwa, amkamulie maziwa. Huo unaweza kuwa wa kisonono alichokipata njiani wakati anatoka, na wadudu wale wanaweza kuitoboa konea ya mtoto ndani ya saa 24. Nimeshika mtoto wa siku sita ambaye jicho lake lilikuwa limeshakwisha. Kile kipimo kidogo cha mafuta ya tetrasaiklini anachopakwa mtoto mara tu anapozaliwa ni kwa ajili hiyo, hivyo aliyejifungulia nyumbani aende akapakwe. Ukishaona usaha, mafuta peke yake hayatoshi, mtoto anahitaji sindano, na baba na mama wote watibiwe. Baba asikatae.

La pili, mtoto mwenye homa, jicho moja limevimba, limejitokeza nje, hawezi kulizungusha. Usaha uko nyuma ya jicho na ubongo uko jirani. Huyo halali nyumbani.

La tatu halihesabiwi kwa saa ila lisipite wiki. Unampiga mtoto picha kwa simu yenye mwanga, jicho moja linatoka jekundu kama kawaida na lingine linang'aa jeupe kama la paka usiku. Inaweza kuwa saratani ya jicho ya watoto, na wengi wanaoipata hawajafikisha miaka mitano. Ikiwahiwa mtoto anapona. Ikichelewa inapanda kwenye mshipa kwenda kichwani. Mnapewa rufaa ya kwenda Muhimbili au KCMC, mwende, hata kama mtoto anacheza na halii.

Na kwa wakubwa: mtu anaona cheche za mwanga pembeni, vijidoti vyeusi vingi ghafla kama mbu, kisha kama pazia linashuka upande mmoja. Haumwi chochote. Ngozi ya ndani ya jicho inayopokea picha inabanduka. Kabla pazia halijafika katikati kuna la kufanya. Likishafika, matumaini yanapungua. Mwingine anaona giza ghafla kwenye jicho moja, nalo bila maumivu, dakika chache au moja kwa moja. Hiyo ni kama kiharusi cha jicho, na cha ubongo kinaweza kufuata, hasa kwa mwenye presha au kisukari. Hata kama giza limeondoka aende siku ile ile.

Mdau, Mbarali

Shikamoo mama. Huku Usangu tuna swila, yule anayetema. Alimtemea mchungaji wetu macho yote mawili. Tuliosha kwa maji ya mfereji.

Nesi mstaafu, Iringa

Marahaba mwanangu. Mlifanya vizuri kuosha papo hapo. Maji ya mfereji si safi, lakini sumu ile haisubiri. Kama hakuna maji kabisa, hata maziwa ya ng'ombe mimina, kwa kuoshea, mengi, siyo tone moja. Asifikiche. Kisha akaangaliwe konea, maana mate ya swila yanaichubua na kidonda kinaweza kuanza pale. Ile dawa ya nyoka ya kuchoma kwenye mshipa haiwekwi jichoni.

Mdau, Njombe

Samahanini kuingilia. Mama yangu ana miaka 61. Tangu jana jioni kichwa upande wa kushoto kinamuuma vibaya na ametapika mara nne. Zahanati wamempima malaria hana, wakampa dawa ya tumbo. Jicho la kushoto ni jekundu. Nimesoma hii ya kiganja nikamziba la kulia, anasema ananiona kama niko kwenye moshi. Ni jicho au ni tumbo?

Nesi mstaafu, Iringa

Mwanangu, nijibu haraka. Akiangalia taa anaona duara za rangi kuizunguka, kama upinde wa mvua? Lile jeusi la jicho bado linang'aa au limefifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi? Mwambie afumbe macho, weka ncha za vidole viwili taratibu sana juu ya kope la kulia, halafu la kushoto. Yako sawa?

Mdau, Njombe

Duara ndiyo, tangu jana usiku alisema taa ina pete. Limefifia. La kulia linabonyea kidogo, la kushoto ni gumu kama goroli.

Nesi mstaafu, Iringa

Ni jicho. Hiyo inaonekana kuwa presha ya macho iliyopanda ghafla. Maji ya ndani yamekosa njia ya kutoka, jicho limejaa, na ndilo linalomtapisha. Mshipa wa kuona unakufa kwa saa. Msilale. Nendeni hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Njombe usiku huu, na mlangoni useme neno hili: "Jicho limekuwa gumu na haoni." Usianze na kichwa wala kutapika, mtapelekwa foleni ya tumbo. Kuna vidonge na matone ya kushusha ile presha, waanze navyo hapo hapo kabla ya rufaa nyingine yoyote. Asitumie tone lolote mlilo nalo nyumbani.

Mleta uzi, Uyole

Ndugu, kama mtapewa rufaa ya kuja Mbeya niandikie faraghani. Nitawapokea stendi saa yoyote.

Mdau, Njombe

Tuko njiani. Jirani katoa gari.

Mdau, Mafinga

Tunawaombea. Tujulishe.

Mdau, Njombe

Wakuu, poleni kwa ukimya, ni siku ya tatu leo. Tulifika usiku ule saa sita kasoro. Nilisema kama mama alivyonifundisha na hatukukaa foleni. Wakampa vidonge, wakaanza matone, alfajiri akaacha kutapika na kichwa kikapoa. Asubuhi tukapewa rufaa. Daktari wa macho amesema ataligusa jicho kwenye ile sehemu ya rangi, atoboe kitundu kidogo cha kupitisha maji. La kulia nalo atalitoboa ingawa halina shida, kwa sababu limeumbwa vile vile na siku yoyote linaweza kufanya kama mwenzake.

Jana jioni alimziba la kulia akamwoneshea vidole. Mama akakaza macho muda mrefu, akasema vitatu. Vilikuwa vitatu. Leo kaniuliza kama kuku wamefungiwa.

La kulia ni Alhamisi.